Matonge ya Leida

Nje ya Võru theluji imefika kizingitini.
Leida hapimi: unga kwa kiganja,
yai moja, chumvi, maziwa kiasi,
hadi kijiko kisimame, kisha kiiname kwa kusitasita.

Mimi, mkamwana wa miezi miwili, nakoroga mno.
“Basi! Unga ukionewa hulipiza.”

Supu ya mifupa inatokota taratibu.
Chovya kijiko, chota, dondosha:
tonge linazama,
kimya,
linaibuka limevimba
kama shavu la mtoto aliyenuna.

Langu la kwanza likasambaratika.
Hakucheka. Alizoa vipande kwa upawa,
akavitia bakulini mwake,
akanyunyiza majani ya kitunguu alichokiotesha dirishani,

akala hadi mwisho,
akanisogezea bakuli tupu:
“Jingine.”