Zamu ya Jioni, Darasa la Sita

Mwezi umemwagika tena chini ya dawati la tatu.
Naupigia magoti kwa brashi ya mkono,
maana ufagio mrefu huutimua tu
ukaelea, ukatua juu ya viatu vyangu,
mweusi, mkavu, wenye makali ya chupa iliyopondwa.
Mwezi huu, nacheka peke yangu,
hauna mshahara mwishoni.

Dirishani, trei tatu.
Watoto wamezibandika majina kwa wino mzito:
DUNIA. MWEZI. MIRIHI.
Wamepima kila kinachopimika:
maji hupenya kwa sekunde ngapi,
sumaku ikizamishwa hutoka na ndevu kiasi gani,
harufu (Eydís ameandika: Mwezi unanuka kiberiti kilichozimwa),
figili ngapi zimechomoza.
Dunia, tisa kati ya kumi.
Mwezi, mbili, nazo zambarau, zimejikunja
kama zimeitwa mbele ya mwalimu mkuu.
Mirihi, sifuri.
Kwenye jedwali, mstari wa Mirihi umeandikwa: bila maji.
Ndiyo kanuni.

Mimi najua siri ya trei hizi.
Nilimwona mwalimu Steinvör mwezi Septemba,
mvua ikimchapa upande upande,
akichota Mirihi kwa koleo mgongoni mwa Eldfell,
mlima mdogo kwa umri kuliko wazee wa kisiwa hiki.
Mwezi aliuponda kwa nyundo nyuma ya kiwanda cha samaki,
akauchekecha kwa chekecheo la unga.
Katika zote tatu ni Dunia pekee iliyovuka bahari:
gunia la lita ishirini, maandishi ya Kiholanzi,
lilishuka kwenye feri ileile
iliyonishusha mimi na sanduku lenye gurudumu moja.

Kwetu Suwałki ni kwa watu wa viazi.
Mama alionja udongo kabla ya kupanda,
chembe kwenye ncha ya ulimi, anatema,
anasema: bado. Au: leo.

Nimechungulia ushorobani. Hakuna mtu.
Nimeonja.
Dunia ina ladha ya mfuko wa plastiki.
Mwezi unakwaruza meno.
Mirihi ina chuma,
ina ladha ya kisu cha mama.
Leo, nikasema. Kwa Kipolandi, kwa sauti.

Kuna karatasi: Wiesława, tafadhali usiguse.
Jina langu ameliandika sawasawa, hata kile kimkato cha katikati,
jambo ambalo benki haijaliweza kwa miaka sita.
Ningependa kumtii mtu wa namna hiyo.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Na huu ambao haujapata kuyaona?

Sikuigusa trei. Niseme kweli: mkono haukugusa.
Kikombe ndicho kilichoinama.
Mirihi ilinyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani,
kisha ikanywa yote
kwa mlio mdogo ambao hakuna jedwali lenye safu yake.
Nikafuta sakafu. Nikazima taa.

Jumatatu jioni daftari liko wazi.
Mwandiko wa Hallfreður, umelalia kushoto:
Mirihi, unyevu, sentimita mbili kwenda chini.
Chanzo hakijulikani.
Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mtu mzima:
Tusubiri.

Kando ya trei kuna kikombe.
Si changu.
Kimejaa.