Thelathini kwa Mbili

Mwanasesere hana miguu.
Ameishia kiunoni, kama taarifa ya habari umeme ulipokatika,
na juu ya kifua chake cha mpira
tumemwaga jasho la miezi minne.
"Bonyeza! Usimpapase, huyo si paka,"
anafoka Mwalimu Ntahondi, saa mkononi.
"Mbavu zikilia, ziache zilie.
Aliyekufa hashitaki."

Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini,
kisha pumzi mbili.
Nahesabu nikifua sare,
nahesabu nikipanda Mwanga na ndoo kichwani,
nahesabu nikisonga ugali
hadi mama anauliza: kwani unamdai nani?

Saa kumi na moja alfajiri tunabeba machela
kutoka stesheni ya reli hadi juu Mlole.
Ndani kuna gunia la mahindi, kilo tisini,
na gunia lina jina: Bibi Nyanzobe.
Tukiliangusha, tunaliomba radhi
kwa heshima zote. Shikamoo Bibi, pole Bibi,
umeumia wapi, Bibi?
Feruzi alicheka wiki ya kwanza.
Wiki ya sita aliacha.
Sasa anauza vocha stendi, na akinisalimu
anaiangalia mikono yangu, si uso.

Kisha Kibirizi, zoezi la boti iliyopinduka.
Tuligawiwa majeraha kama watoto wanaogawiwa nyama:
Sumaili mguu, Gwimo moto wa mgongoni,
Tatu kukoroma kama mwenye damu kooni.
Mimi nikapewa kadi nyeusi.
"Wewe umeshakufa. Lala.
Na usisaidie watu, nakujua."

Nikalala kwenye changarawe, kati ya dagaa walioanikwa.
Nzi akatembea juu ya mdomo wangu
bila haraka, kama mwenye hati ya kiwanja.
Viatu vikaja. Vikasimama.
Vidole vya Skolastika shingoni, vya baridi,
sekunde kumi.
Akanivuka.
Rafiki yangu, tunaokula sahani moja,
akanivuka kama mtu avukavyo mfereji
akaenda kwa Tatu, aliyekuwa bado anakoroma.
Alipata tisini na mbili kwa mia.
Usiku ule hatukuongea. Ila kwenye mgebuka
alinimegea upande wenye nyama.

Halafu ikaja Alhamisi isiyokuwa zoezi.
Karibu na Kidahwe, pikipiki mbili
na lori la chumvi kutoka Uvinza.
Magunia yamepasuka, lami yote nyeupe ndani ya tochi,
na chumvi inakunywa, inakunywa, kimya kimya.
Wao watatu. Sisi wawili na dereva.

Wa kwanza alikuwa kijana wa kiatu kimoja,
kipya, bei bado imebandikwa kwenye soli.
Nikaweka vidole.
Nikahesabu kumi.
Nikahesabu kumi nyingine, ambayo haimo kitabuni.
Nikamvuka.

Hakuna aliyeniambia kwamba mguu unaovuka
hubaki mzito kuliko mwenzake.

Wa pili, mama mwenye kitenge cha njano,
moyo wake ulisimama garini, mikononi mwangu.
Thelathini kwa mbili. Shimo. Thelathini kwa mbili.
Ubavu ukalia, nikauacha ulie.
Mimi ninayehesabu hata ngazi za msikiti wa jirani
sikujua tena ni mzunguko wa ngapi
tulipofika Maweni, wakampokea, mlango ukajifunga.
Kazi yetu inaishia kwenye bawaba.
Yaliyo nyuma ya mlango hatupewi.

Mwalimu alinikuta nyuma ya karakana, naosha machela.
Hakusema hongera, hakusema pole.
"Yule wa kadi nyeusi. Ulihesabu kumi?"
"Ishirini."
Alitazama saa yake kama ndiyo iliyojibu.
"Wa kwangu wa kwanza," akasema, "nilifika sitini."
Akatafuta brashi ya pili.

Alfajiri gunia lilikuwa langoni.
Shikamoo Bibi, nikasema, na safari hii hakuna aliyecheka.
Nikainama,
nikashika upande wa kichwa.