Upande wa Dirisha

Nilifika Oli na vifaa vyangu vyote mkono mmoja:
simu yenye ufa kwenye kona,
shuka jeupe la hospitali (usiulize lilitokaje),
vibanio sita vya nguo, na mfuko wa maziwa ya unga
nilioupasua na kuugeuza, fedha ikatoka nje.
Taa sina. Ya kukodi, Arua mjini, ni elfu themanini kwa siku,
na mimi kazi nzima nimepatana thelathini na chai.

Kwanza nikazima balbu ya dari.
Taa ya utosini humchimba mtu macho,
mzima akaonekana katoka kaburini kudai deni.
"Mbona unazima umeme niliolipia?" akauliza Bi Kaltuma.
Sikumjibu. Nilikuwa nasukuma kiti.

Nikamweka karibu na dirisha, lakini asilitazame,
akae ubavu, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Shuka nikalibana kwenye nondo.
Jua likachujwa, likamshukia shavuni bila kelele.
Upande wa pili mjukuu wake, Ratibu, akashika mfuko:
inua, shusha, hapo hapo, usipumue sana.
Kivuli kikalegea.
Simu yangu haijazoea weusi wetu;
ikimwona mtu mbele ya ukuta wa chokaa huhangaika,
humfuta yeye ikauhifadhi ukuta.
Nikatundika kitenge cha kahawia nyuma yake,
nikaugusa uso wake kwenye kioo, nikasubiri kile kisanduku cha njano,
nikapunguza mwanga kwa kidole, chembe kwa chembe.

Akawa wa miaka arobaini.
Nilijivuna. Nikampelekea aone.

Alitazama kwa mbali, kisha kwa karibu.
"Huyu nani?"
"Wewe, bibi."
"Mimi nina sitini na saba. Mastura ana sabini.
Tulipoachana pale darajani, mwaka ule wa kukimbia,
nilikuwa na ishirini na mbili, na mtoto mgongoni.
Akimwona huyu wako atasema sikumngoja."

Akaushika mkono wa Ratibu, akaushusha.
Mfuko ukalala sakafuni kama sato.
"Na hilo shuka."

Nikatoa utaalamu wangu: bibi, jua la saa tano likiingia uchi
linachonga, kila kunyanzi litakuwa mtaro.
"Basi ahesabu. Alikuwa hodari wa hesabu."

Nikatoa vibanio. Jua likaingia bila hodi.
Yeye mwenyewe akainuka, akageuza kiti,
akanipa shavu lile jingine, ambalo sikuwa nimelichagua.
Chini ya sikio, kovu: ncha ya pasi ya mkaa.
"Yeye ndiye aliyeniunguza. Tuligombea gauni la Idi.
Hili atalijua kabla hajanijua mimi."

Alizungumza Kinubi, dakika tisa.
Niliyoyashika ni jina la dada, gauni, na idadi ya waliozikwa.
Katikati wingu likapita, uso ukawa wa majivu.
Kanuni ni kumsimamisha msemaji, kungoja, kuanza upya.
Nikaacha.
Jua lilirudi akiwa anacheka.

Usiku nyumbani, betri asilimia kumi na moja,
nikairudia picha nikitafuta pa kukata.
Nusu ya uso ilipaswa kuwa giza tupu, nilijua,
nilikuwa nimeshaikatia tamaa.
Lakini lile jicho la gizani lina punje ya mwanga,
ndogo, inatetemeka.
Nikasogeza nyuma, nikatazama tena pembe ya chini ya picha:
kidole gumba cha mtoto,
na ukingo wa fedha umeinuliwa kutoka sakafuni,
shubiri moja tu, bila kuambiwa na mtu,
dakika zote tisa.