Silabi ya Tudi

Nyumbani kwao Enora, hakuna alonyamaza,
Mama ngano akipura, sauti aliikaza,
Hata shangazi mkora, kanisa alipumbaza,
Enora akimaliza, Tudi hudaka la mwisho.

Tudi hudaka la mwisho, lisije likaanguka,
Bretani, ghalani, jasho, miguu ikizunguka,
Ujira wao ni posho: supu, mvinyo, na shuka,
Siku moja ikafika, redio ikawaita.

Redio ikawaita, Parisi, wakenda mbio,
Fundi akakunja ndita: “Mmoja atosha leo.”
Tudi hakuzusha vita, karudi na treni hiyo,
Jina likapata cheo, Enora akasafiri.

Enora akasafiri, na gauni la kukodi,
Vitanda vya kifahari, usingizi ukaidi,
Magazeti yakakiri: “Sauti safi ya jadi!”
Kwao akituma kadi: “Jukwaa langu pekee.”

Jukwaa lake pekee, santuri, picha, heshima,
Kila mwisho usogee, silabi moja hunyima,
Ili Tudi apokee, zizini anakokama,
Ng'ombe hugeuka nyuma: Tudi hudaka la mwi—