Bei Imepanda, Mimi Bado

Saa kumi na mbili na dakika saba jioni,
nje ya lango la kliniki ya meno, Koramangala, Bengaluru,
mwavuli umevunjika ubavu mmoja,
betri asilimia kumi na tisa.
Nauli: rupia mia moja arobaini na mbili.
Nafuta tone la mvua kiooni kwa kidole gumba:
mia moja sabini na nane.
Sikubonyeza kitu. Nimefuta maji tu.

Bei imepanda. Mimi bado sijapanda.

Jana kitufe cha bajaji kilikuwa kushoto, kijani.
Leo kushoto kuna "Haraka", kuna "Haraka Zaidi",
na kitu kiitwacho "Starehe", chenye picha ya gari jeupe
ambalo sijaliona hata siku moja likikanyaga matope ya mji huu.
Bajaji imeshushwa chini ya tangazo la mkopo,
kama mgeni wa harusi aliyehamishiwa meza ya jikoni.

Na "Pamoja" haipo.

Kwa "Pamoja" nililipa sitini, nikaketi na yeyote atakayeingia.
Ndivyo nilivyomjua Parimala, fundi wa miwani,
aliyeshuka penye maua, Madivala,
Jumanne na Alhamisi, miezi mitano,
goti kwa goti, mfuko wa lenzi mapajani.
Aliligundua jicho langu la kulia kabla ya daktari.
Hatukupeana namba. Za nini?
Kesho yetu ilikuwa kitufe.
Kisha Jumatatu moja: "Tumeboresha huduma kwa ajili yako,"
wakamwondoa mtu mzima, na goti lake.

Nagaveni wa mapokezi anakwenda mtaa uleule.
Simu yake inasema mia na hamsini na tano.
"Labda yako imejua una haraka," anasema.
Nani kaiambia?

"Ongeza ishirini, upate dereva mapema."
Naongeza.
"Kumi tu zaidi."
Naongeza,
mnada wenye mnunuzi mmoja,
na kila ninapotaja bei najipiku mwenyewe.

Akaja Thippeswamy, limau na pilipili zikining'inia mbele ya bajaji,
shati limemganda mgongoni.
Hakuuliza naenda wapi.
"Kwako imeandika ngapi?"
"Mia mbili na nane."
Akanigeuzia yake: mia moja thelathini na moja.
"Na zile thelathini nilizokuongezea?"
"Zipi?"

Tukazilaza simu mbili kitini, ubavu kwa ubavu,
kama mashahidi waliosahau kupanga uongo wao.
Mimi mkate wangu ni hesabu za watu.
Nilitoa mara tatu.
Sabini na saba,
na hakuna aliyeketi katikati yetu.

"Futa," akasema. "Nipe mia na sitini."

Nilisita, nisidanganye.
Nyumbani Raghunandan huchambua dengu
huku akiitazama ile nukta ya bluu inavyonileta.
Nikifuta, nukta inakufa.
Basi nikampigia, nikamsomea namba ya bajaji,
herufi kwa herufi, kwa sauti, Thippeswamy akisikia,
naye akanisahihisha tarakimu ya mwisho.

Tulipita Madivala. Nilichungulia penye maua.
Wanawake wanne chini ya turubai moja,
wote wameinamia simu,
nyuso zimepauka kwa mwanga,
na sikuweza kujua kama mmoja wao ana mfuko wa lenzi.

Nimefika. Nimelipa kwa noti, zimelowa.
Simu inanifuata hadi mlangoni:
"Safari yako imefutwa. Tuambie kwa nini."
Dereva alichelewa.
Nimebadili mawazo.
Nilikosea mahali.
Nashusha chini, chini, hadi orodha inagota.
Betri asilimia mbili,
na ile sababu yangu
hawajaiwekea kitufe.