Herufi ya Mti

Mimi Mgiriki. Kiabkhazi sikukijua.
Nilijua risasi tu: uzito wake kiganjani,
ladha yake jioni, chini ya ulimi.
Mwalimu Kesou Amkuab alishuka kutoka milimani
kwa farasi wa kuazima,
kitabu chake kikiwa ndani ya mfuko wa unga.
Akakikung'uta. Tukapiga chafya sote wawili.

"Hiki ni cha kwanza," akasema. Nikamjibu:
"Cha kwanza mwaka huu?"
Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyekanyagwa.

Wiki tisa. Lugha ile ina sauti nyingi
kuliko vyumba vya kasha langu:
kuna ya kuzima mshumaa, kuna ya jani bichi motoni,
kuna ya mtu anayekumbuka jambo akiwa mlangoni.
Kila moja aliitafutia umbo, mkia, kibyongo,
akanichorea mezani kwa kidole alichokichovya katika mvinyo;
kabla sijainakili, imekwisha kauka.

Ile ya mshumaa ilikosa risasi.
Nikaichonga kwa mti wa manjano wa kwao,
ule mzito unaozama majini kama jiwe,
na kila ukurasa nikaubonyeza kwa mkono,
nakala mia nne na kumi, nikitukana kwa Kigiriki.

Usiku alinisimulia, kwa Kirusi chetu kibovu,
kwamba kijiji cha mamake kilibebwa kwa meli hadi Uturuki,
wafu wakatupwa baharini, na shangazi aliyebaki
hakula samaki tena mpaka kufa kwake.
Kwamba wawindaji wana lugha yao ya msituni,
wanyama wasijue wanatajwa.
"Hiyo umeiandika?"
Akamega sima yake ya mahindi, akachomeka jibini katikati.
"Hapana. Siku hizi nani ajuaye nani anasoma."

Kitabu kikatoka, chembamba, kimeinama upande mmoja.
Mwezi wa kuangua jozi akaja bibi mmoja, Hikur,
na kapu la jibini la moshi. Hakujua kusoma. Alitaka kusikia.
Mwalimu yuko milimani; nilikuwapo mimi tu.
Nikafungua popote, nikasoma herufi kwa herufi
kama mtu anayehesabu pesa za nchi ngeni.
Akanisahihisha. Nikarudia. Akanisahihisha.
Mara ya tatu akaweka kapu chini.
"Ndivyo baba alivyowaita nyati," akasema kwa Kituruki cha sokoni,
"jioni, wakiwa wamezama mtoni hadi puani."
Wiki tisa nzima nyati walinipita vidoleni,
nami nahesabu nafasi kati ya maneno.

Baadaye walikuja watu wenye mihuri.
Wakabadilisha herufi; wakazibadilisha tena; na tena.
Kila mara risasi iliyeyushwa, na Mwalimu,
mvi hadi nyusi, akaanzia mwanzo,
akiwafundisha wanawe kusoma alichokuwa amewaandikia.
Alikufa kitandani, jambo ambalo miaka ile
lilitushangaza wote.

Ile ya mti haikuyeyuka.
Mjukuu wangu huchezea sataranji,
badala ya askari mmoja aliyepotea.
Jana nilimwomba aitamke.
Akapuliza. Mshumaa ukayumba, haukuzimika.
Hikur angemrudisha mwanzo.