Haunikimbii

Zahanati ya Al-Khoudh, Jumapili ya Julai, saa moja na nusu.
Muuguzi Sheeja, vidole baridi kwa kiyoyozi,
kanibandika vibandiko vitano kifuani,
kanitundikia kisanduku kiunoni, chini ya abaya.
"Mpaka kesho," kasema kwa Kiarabu chake cha Kerala,
akanipa daftari na kalamu ya risasi:
kila moyo unapokwenda mbio, andika saa,
andika ulikuwa ukifanya nini.

Mama alipiga kabla sijawasha gari.
"Ghaniya, usijitie presha. Presha ndiyo iliyomla babako."
Ndivyo tulivyolelewa: presha ni mgeni
aliyelala kizingitini,
ukimtaja huamka,
usipomtaja husikiliza.

Saa tatu. Dawati la malalamiko ya maji.
Bomba kuu limepasuka Mawaleh, nje nyuzi arobaini na saba.
Mzee ananifokea: nina mgonjwa ndani, tangi kavu!
Nimeandika: unadunda. Natafuta boza.

Saa tano na robo. Boza limepatikana,
mzee analia kwenye simu, ananiombea dua.
Unadunda vilevile.
Nimeandika "furaha", nikatia alama ya kuuliza.

Saa saba. Bosi ananiita ofisini.
Unadunda. Anataka ufunguo wa stoo.

Saa kumi. Mundhir, kaka yangu, kutoka Unguja:
ada za watoto. Unadunda. Nikasema nina kikao, nikakata.
Nikakaa garini, usukani unachoma.
Nikampigia tena. "Pesa sina, Mundhir.
Lakini niambie, wewe u hali gani?"
Tukazungumza dakika arobaini.
Ulitulia lini, sikuona. Hapo hapana maandishi.

Saa moja kasoro, jua linapoanza kuona haya,
Azza anajifunza baiskeli nyuma ya nyumba.
Nimeshika kiti. Nakimbia naye. Nimeachia.
Unadunda unadunda un
ncha ya kalamu ikavunjika.

Saa nane usiku. Sina usingizi.
Nimelalia upande wa kulia, waya usinikabe,
nalisoma daftari kwa mwanga wa simu.
Husema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza.
Na huu wangu, niliouishi miaka arobaini na mmoja
nikiusikiliza kama mtu asikilizaye mwizi darini?

Mzee wa Mawaleh, ufunguo wa stoo, Azza:
mashine itachora vilima vilevile.
Haijui hofu, haijui mapenzi.
Jina natia mimi.

Je, kama hakuwa mwizi?
Kama ni jirani, miaka yote hii,
asikiaye ukelele akatoka pekupeku,
ndoo mkononi, hajauliza ni nani,
naye kila akifika namfungia mlango,
namwita muuaji?

Moyo wangu, nisamehe. Haunikimbii.
Unanikimbilia.

Asubuhi Sheeja anabandua, ngozi inabaki na duara tano nyekundu.
Daktari: vidonge endelea, chumvi punguza, ulale.
Sawa, nitameza. Sikatai.
Baba alikufa, hilo si hadithi.
Ila nakumbuka pia jinsi alivyokaa na madeni yake
chumba cha uani, pazia limeshushwa,
na ndugu sita mji huuhuu, hakumwambia hata mmoja.
Hilo halikuandikwa kwenye cheti.

Mama kapiga. "Wamekuta nini?"
"Wamekuta unafanya kazi, mama."
Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
Halafu, polepole, kama mtu anayeungama:
"Wangu nao huenda mbio nikingoja simu yako."

Daftari nilisharudisha.
Hilo nimeliandika nyuma ya risiti ya maegesho,
bila saa.